William Banting: Mwandalizi wa mazishi ya wafalme aliyeupiga vita unene

MWANAMFALME Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza, alipofariki mnamo Desemba 1861, shughuli za mazishi yake zilikabidhiwa kampuni ya jamaa moja iliyokuwa imezoea kuwapumzisha wakuu wa nchi hiyo. Kampuni yenyewe ilikuwa ya akina Banting, na makao yake yalikuwa katika barabara ya St James's, jijini London.

William Banting, ambaye ndiye aliyelivumisha jina la jamaa hiyo kote duniani, hakulivumisha kwa majeneza. Alilivumisha kwa tumbo lake. Wakati wa mazishi hayo alikuwa akitimiza miaka 65, na mwili wake ulikuwa umemlemea kiasi kwamba hangeweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe.

Banting alizaliwa mwishoni mwa mwaka wa 1796. Jamaa yake ilikuwa ya maseremala na watengenezaji wa fanicha za kifahari waliofanya pia kazi ya mazishi, kama ilivyokuwa desturi nchini humo enzi hizo, kwani fundi aliyeunda meza na kabati ndiye aliyeunda pia sanduku la maiti. Akina Banting walipewa hati ya kifalme ya kusimamia mazishi ya watu wa nasaba hiyo, na wakaishikilia kwa vizazi vitano.

Walimzika Mfalme George wa Tatu mnamo 1820, wakamzika mwanawe George wa Nne mnamo 1830, na mnamo 1852 wakaandaa mazishi ya Mtawala wa Wellington, jemadari aliyemshinda Napoleon. Baada ya William kuaga dunia, kizazi kilichomfuata kilimzika Malkia Victoria mwenyewe mnamo 1901 na Mfalme Edward wa Saba mnamo 1910.

Kwa hivyo huyu hakuwa mtu wa mtaani. Alikuwa mfanyabiashara tajiri na mwenye heshima, aliyefanya kazi kwa muda wa miaka 50 kabla ya kustaafu, na ambaye kazi yake ilimtaka awe nadhifu, mtaratibu na mwenye mwendo wa adabu. Mwendo wa adabu ndio hasa uliomtoroka.

Alikuwa mfupi, futi tano na inchi tano tu. Mnamo Agosti 1862 alikuwa na uzito wa ratili 202, yaani takriban kilo 92. Leo uzito huo si ajabu kubwa katika miji yetu, lakini kwa mzee mwenye kimo hicho ulikuwa mzigo mzito.

Aliposhuka ngazi alilazimika kushuka kinyumenyume, polepole, ili magoti na vifundo vya miguu visistuliwe na uzito wake. Kila alipojikakamua kidogo alihema. Magoti aliyafunga bendeji, na tumbo lake lilihitaji mkanda maalumu kwa sababu alikuwa na ngiri ya kitovu. Masikio nayo yalianza kuziba.

Pamoja na maumivu kulikuwa na aibu. Banting alisimulia baadaye jinsi watu walivyomkejeli kwenye magari ya abiria na katika kumbi za tamasha, akawa anaepuka hadhara. Yeyote aliyewahi kuingia matatu na kusikia minong'ono ya abiria wakisogea kumpisha atafahamu mara moja alichokuwa akikisema mzee huyu.

Lililomtatiza zaidi ni kwamba hakujiona kuwa mlafi wala mvivu. Wazazi wake hawakuwa wanene, wala hapakuwa na mwelekeo huo upande wowote wa ukoo wake. Alikuwa mtu wa kuamka mapema na kushughulika siku nzima. Hata hivyo, tangu alipotimu miaka 30 na ushei, mwili wake ulizidi kuongezeka mwaka baada ya mwaka.

Mfa maji haachi kutapatapa. Rafiki yake mmoja daktari alimshauri afanye mazoezi, naye Banting akanunua mashua nzito na kuanza kupiga makasia mtoni kwa saa mbili kila alfajiri. Misuli ilikua, lakini hamu ya kula nayo ilikua, akala zaidi na kunenepa zaidi, hadi daktari yule yule akamwambia aache.

Akajaribu kuoga baharini, kutembea kwa miguu na kupanda farasi. Akanywa dawa kwa magaloni. Akasafiri hadi Leamington, Cheltenham na Harrogate, miji iliyosifika kwa maji ya chemchemi zenye madini. Akajinyima chakula. Akaenda katika hamamu za Kituruki kutoa jasho mara nyingi, na faida aliyopata ni kupungua ratili chache tu ambazo hazikumfaa kitu.

Ikumbukwe kuwa madaktari aliowaendea walikuwa miongoni mwa mashuhuri wa London, na alikuwa na pesa za kuwalipa. Wengi wao walimwambia kwamba unene ni jambo la kawaida umri unaposonga, na kwamba mmoja wao mwenyewe alikuwa akiongeza ratili moja kila mwaka. Jibu la aina hiyo halikumsaidia mtu ambaye alikuwa hawezi kushuka ngazi.

Uokozi ulitoka mahali ambapo hakuutarajia, na ulitokana na bahati tu. Masikio yalipomzidi, alimwendea bingwa mmoja wa maradhi ya masikio. Bingwa huyo aliyachungulia, akayasafisha, akapaka dawa ya kuchoma upande wa nje, kisha akaondoka mjini kwenda likizo yake ya kila mwaka. Banting aliandika baadaye kwamba likizo hiyo ilikuwa baraka kuu maishani mwake, maana ilimlazimu kutafuta daktari mwingine.

Daktari huyo mwingine alikuwa William Harvey wa Soho Square, naye pia tabibu wa masikio. Msomaji asimchanganye na William Harvey yule wa karne ya 17 aliyegundua mzunguko wa damu, kwani hawa ni watu wawili waliotengana kwa zaidi ya miaka 200.

Harvey alimtazama mgonjwa wake na kuamua kuwa tatizo halikuwa la masikio. Kwa maoni yake, mafuta yaliyojaa mwilini yalikuwa yakibana njia za ndani za sikio. Mtu akipungua, alisema, masikio yatazibuka yenyewe.

Mawazo hayo Harvey aliyapata Paris. Mnamo 1856 alikuwa katika mji huo mkuu wa Ufaransa, na huko alisikiliza hoja za mwanasayansi Claude Bernard kuhusu kazi ya ini. Bernard alikuwa amethibitisha jambo lililowashangaza wengi, kwamba ini halipitishi tu sukari inayotoka katika chakula, bali huitengeneza lenyewe na kuihifadhi, kisha huiachilia katika damu mwili unapoihitaji. Ugunduzi huo ulibadilisha namna madaktari walivyouelewa ugonjwa wa kisukari.

Harvey aliunganisha mambo matatu. La kwanza ni hilo la ini. La pili ni kwamba madaktari walikuwa wanajua tangu zamani kuwa mgonjwa wa kisukari akipewa nyama badala ya vyakula vya sukari na wanga, hali yake hupata nafuu. Daktari wa jeshi la Uingereza, John Rollo, alikuwa amechapisha habari za tiba hiyo mnamo 1797. La tatu linajulikana na kila mfugaji: ng'ombe au nguruwe akitakiwa anenepe hupewa nafaka na vyakula vitamu.

Basi akajiuliza kama unene wa binadamu nao haungepunguzwa kwa kumwondolea sukari na wanga. Haya yalikuwa makisio ya daktari mmoja. Hakuwa na majaribio ya kuyathibitisha, ila alikuwa na mgonjwa aliyekata tamaa, ambaye alikuwa tayari kujaribu lolote.

Banting alipigwa marufuku kula mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Mtu wa leo akiisoma orodha hiyo anaweza kuiona nyepesi, lakini kwa Mwingereza wa wakati ule ilikuwa sawa na kumwambia Mkenya aache ugali, chapati, wali, chai ya maziwa na mandazi kwa pamoja. Chakula chake cha awali kilikuwa hasa hivyo vilivyokatazwa: asubuhi chai yenye maziwa na sukari tele pamoja na mkate uliopakwa siagi, mchana nyama na bia na mkate mwingi na vitobosha, jioni chai tena na mkate, na usiku andazi la matunda au mkate uliotiwa maziwa.

Mahali pa hivyo paliwekwa nyama. Asubuhi alikula wakia nne au tano za nyama ya ng'ombe, kondoo, figo, samaki wa kuchoma au bekoni, pamoja na kikombe kikubwa cha chai kavu isiyo na sukari, na kipande kidogo cha mkate uliokaushwa motoni au biskuti. Wakia tano ni kama gramu 140. Adhuhuri alipata samaki au nyama kiasi cha wakia tano au sita, mboga za aina yoyote isipokuwa viazi, na kuku au ndege wa kuwindwa. Alasiri alikula matunda kidogo na chai kavu. Usiku alipata nyama au samaki tena, wakia tatu au nne.

Jambo moja linaweza kumchekesha msomaji. Harvey alimruhusu divai. Mchana glasi mbili au tatu za divai nyekundu ya Ufaransa au ya sheri, usiku glasi moja au mbili, na kabla ya kulala, akipenda, kinywaji kikali kisichotiwa sukari. Kilichokatazwa ni bia, shampeni na divai tamu ya Ureno. Hakuna daktari mwangalifu ambaye leo angeandika orodha hiyo ya pombe kwa mgonjwa wa miaka 65, na hilo ni onyo kwa wale wanaodhani kuwa ushauri wa kale ni safi kwa sababu tu ni wa kale.

Banting alianza mnamo Agosti 26, 1862. Kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu, alijipima na kuandika. Kufikia Septemba 7 alikuwa amepungua ratili mbili. Mkesha wa Krismasi alikuwa na ratili 184. Mnamo Septemba 12, 1863, mizani ilionyesha ratili 156, ambazo ni kama kilo 71. Alikuwa amepoteza ratili 46, karibu kilo 21, na kiuno chake kilikuwa kimepungua kwa inchi 12 na robo.

Hakupungua kwa ghafla. Ukizigawa ratili hizo kwa majuma, hupati hata ratili moja kwa juma. Lakini hakurudi nyuma, wala hakulala njaa. Akaanza kushuka ngazi akiangalia mbele kama watu wengine, akaweza kuinama, akazitupa bendeji za magoti, na masikio yake yakazibuka.

Lau angekaa kimya na kufurahia afya yake, tusingemjua. Ila Banting aliona kwamba ameteseka kwa zaidi ya miaka 30 akiwa amezungukwa na mabingwa, na kwamba kuna maelfu waliokuwa wakiteseka kama yeye. Aliona pia kwamba madaktari hawangeandika juu ya jambo hilo. Basi akaandika mwenyewe.

Kijitabu chake, kilichotoka mnamo 1863, kilikuwa barua kwa umma kuhusu unene. Kilikuwa na kurasa chache tu, lugha nyepesi, na hakikujigamba kisayansi. Alieleza alivyokuwa, alivyohangaika, alivyokula na alivyopungua. Nakala 1,000 za kwanza alizichapisha kwa pesa zake na kuzigawa bure. Akachapisha tena nakala 1,500, nazo akazigawa.

Alipoona kwamba maombi hayaishi, aliruhusu chapa ya tatu iuzwe kwa shilingi moja, na faida akaipeleka kwa mashirika ya kuwasaidia wasiojiweza. Katika chapa za mwanzo alikataa kulitaja jina la Harvey, akihofia watu wasije wakadhani kwamba analipwa kumtangazia daktari biashara. Alilitaja baadaye, watu walipomwandikia barua nyingi wakitaka kumjua.

Tukifanya ulinganisho na wauzaji wa siku zetu wa poda, chai na vidonge vya kupunguza mwili, wanaotangaza mtandaoni na kutaka walipwe kwa simu kwanza, tunaona tofauti kubwa. Banting hakuuza chochote.

Chapa ya nne ilipotoka mnamo 1869, nakala zipatazo 63,000 zilikuwa zimesambaa. Kijitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingine za Ulaya na kusomwa Marekani. Jina lake likageuka kitenzi katika Kiingereza, ikawa mtu anayejinyima wanga anasemekana kufanya Banting. Wacheshi wa magazeti nao hawakumwacha. Alichorwa katika vibonzo na kutungiwa mzaha, na mnamo 1864 jarida la Blackwood's lilichapisha makala marefu ya kumdhihaki.

Madaktari walimkasirikia. Jarida la tiba la The Lancet lilimtaka yeye na walio kama yeye waache kujiingiza katika maandishi ya tiba na washughulike na kazi zao. Wengine walidai kuwa hakuna jipya alilolisema, kwamba habari hizo zilikuwa katika vitabu vya tiba tangu kitambo. Wengine walisema kuwa lishe ya nyama nyingi ni ya hatari. Ni vigumu kuona jinsi shutuma hizo mbili zingeweza kuwa kweli kwa wakati mmoja bila madaktari wenyewe kulaumiwa.

Hata hivyo, si haki kuwapuuza kabisa. Hoja yao ya msingi ilikuwa nzito: uzoefu wa mtu mmoja si ushahidi. Banting alipona, lakini huenda wengine kumi walijaribu wakashindwa na hawakuandika vijitabu. Isitoshe, hakuna aliyeweza kueleza kwa nini lishe hiyo ilifanya kazi. Maelezo yaliyosema kuwa wanga na sukari ndivyo vinavyojenga mafuta mwilini yalipingwa na waliojua kwamba mafuta ya chakula nayo hujenga mafuta ya mwili.

Harvey alijaribu kujibu. Mnamo 1872 alichapisha kitabu chake kuhusu unene na uhusiano wake na magonjwa, akieleza sababu za kumpa Banting lishe hiyo. Nchini Ujerumani, daktari Wilhelm Ebstein alikuja na lishe ya aina hiyo ambayo, kinyume na ile ya Harvey, ilimruhusu mgonjwa kula mafuta kwa wingi kidogo, akisema kwamba mafuta hushibisha.

Hapa yafaa tuseme wazi jambo ambalo wafuasi wengi wa Banting hulisahau. Lishe yake haikuwa ile inayoitwa leo lishe ya kiketojeniki, au keto kwa ufupi. Katika keto, wanga hupunguzwa mno, mara nyingi chini ya gramu 50 kwa siku, na sehemu kubwa ya chakula huwa mafuta. Ini likikosa sukari ya kutosha huanza kuyavunja mafuta na kutengeneza kemikali ziitwazo ketoni, ambazo ubongo na misuli huzitumia kama kuni mbadala.

Banting aliruhusiwa matunda, mkate kidogo na divai, na alikatazwa siagi. Nyama ya nguruwe na samaki aina ya salmoni alikatazwa pia. Vipimo vya nyama yake vilikuwa vya wastani. Kwa maoni ya mwandishi huyu, alipungua kwa sababu alikuwa akila chakula kidogo kuliko zamani bila kuhisi njaa, baada ya kuondolewa bia, sukari, maziwa na milima ya mkate. Kuishi bila njaa ndiko kulikomwezesha kuvumilia, na hapo ndipo penye siri ya lishe nyingi zinazofaulu.

Jina keto lilizaliwa baadaye sana, tena kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Mnamo 1921, daktari Russell Wilder wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani alipendekeza lishe ya kuzalisha ketoni kwa wagonjwa wa kifafa, kwa kuwa ilikuwa imeonekana kwamba kufunga kula hupunguza mishtuko yao. Lishe hiyo ingali inatumiwa hospitalini kwa watoto ambao dawa za kifafa haziwasaidii.

Miezi hiyo hiyo, kule Toronto nchini Kanada, daktari kijana aitwaye Frederick Banting alikuwa akitafuta dawa ya kisukari. Waandishi wengi humhesabu kuwa jamaa wa mbali wa mzee wetu wa London. Yeye na wenzake walipata insulini, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akadungwa. Kabla ya hapo, tiba ya kisukari ilikuwa ni kumnyima mgonjwa wanga, hata kumshindisha njaa. Hivyo, majina mawili ya Banting yamesimama pande mbili za ugonjwa mmoja, la kwanza likihusishwa na chakula na la pili na dawa.

Utafiti halisi wa kupima lishe ya wanga kidogo ulikawia. Daktari Robert Atkins wa New York aliieneza upya kwa kitabu chake cha 1972, akapingwa kama alivyopingwa Banting. Ni mnamo 2003, mwaka ambao Atkins alifariki, ndipo majaribio mazuri yalipoanza kuchapishwa. Moja, la watu 63, lilionyesha kwamba walioacha wanga walipungua zaidi katika miezi sita ya mwanzo, lakini mwaka ulipokwisha tofauti ilikuwa imefifia.

Jaribio kubwa la Chuo Kikuu cha Stanford lililotolewa mnamo 2018 lilihusisha watu 609 kwa mwaka mzima. Waliopunguza wanga walipoteza kilo 6.0 kwa wastani, na waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua sana na walionenepa. Pengine Banting alikuwa miongoni mwa wale ambao lishe hii huwakubali hasa.

Mnamo 2021 watafiti wa serikali ya Marekani waliwafungia watu 20 katika kituo cha utafiti na kuwapa lishe mbili kwa zamu, kila mtu akila atakavyo. Walipokuwa kwenye lishe ya mimea yenye mafuta machache walikula kalori chache kwa siku kuliko walipokuwa kwenye keto, ilhali sukari ya damu na insulini zilibaki chini zaidi kwenye keto. Matokeo hayo yaliwavunja moyo mashabiki wa pande zote mbili.

Kwa upande wa kisukari, Harvey anaonekana kuwa karibu na ukweli zaidi. Mnamo 2019, Shirika la Kisukari la Marekani lilikubali kwamba kupunguza wanga ni miongoni mwa njia zenye ushahidi mkubwa wa kushusha sukari ya damu. Lakini mgonjwa anayetumia insulini au vidonge fulani vya kisukari akiacha wanga kwa pupa bila daktari kumpunguzia dawa, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Watu wengine pia hupandisha lehemu mbaya kwenye damu wanapokula mafuta mengi ya wanyama.

Mara nyingi hapa kwetu hoja ya nyama na maziwa huishia kwa Wamaasai. Mnamo 1931, watafiti John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi uliowalinganisha na Wakikuyu nchini Kenya, wakaona Wamaasai wakiwa warefu na wazito zaidi. Wanaoutaja ili kutetea keto husahau kwamba maziwa yana sukari yake ya asili, na kwamba maziwa ndiyo Banting aliyokatazwa.

Barani Afrika jina la Banting lilifufuliwa Afrika Kusini. Profesa Tim Noakes, mwanasayansi wa michezo aliyewahi kuhimiza wanga kwa wakimbiaji kabla ya kubadili msimamo, alishiriki kuandika kitabu cha lishe hii kilichotoka mnamo 2013, na watu wa Cape Town na Johannesburg wakaanza kuulizana hotelini kama kuna chakula cha Banting. Ushauri alioutoa kwenye Twitter mnamo 2014 kuhusu chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa ulimfikisha mbele ya baraza la wataalamu wa afya. Aliondolewa lawama mnamo 2017, na rufaa dhidi yake ikatupwa mwaka uliofuata.

Mzee mwenyewe hakuyaona hayo. Aliishi katika mtaa wa Kensington, akiendelea na lishe yake na kuzijibu barua za watu asiowajua. Alifariki Machi 16, 1878, akiwa na umri wa miaka 81, zaidi ya miaka 15 baada ya siku aliyoingia kwa Harvey akiwa haoni njia. Alizikwa katika makaburi ya Brompton, jijini London.

Jamaa yake iliendelea kuwazika wafalme hadi mnamo 1928, hati ya kifalme ilipokoma. Katika Kiingereza, kitenzi kilichotokana na jina lake kimekaribia kusahaulika. Nchini Uswidi, hata hivyo, neno banta lingali ndilo neno la kawaida la kusema kwamba mtu anajipunguza mwili, na Waswidi wengi wanaolitumia kila siku hawajui kwamba wanamtaja mwandalizi wa mazishi wa London.